Karani Aliyekuwa Akilala Kijijini

Jumatatu iliyopita nilikuwa bado na kikombe cha chai ya rangi mkononi simu ilipoita. Alikuwa binti wa bwana mmoja wa mtaa wa Ipuli hapa mjini niliyejuana naye tangu ujana wangu wa kazi. "Shikamoo baba mdogo. Baba ametutangulia alfajiri. Tunazika leo baada ya adhuhuri." Nikasema yale ambayo Mwislamu hupaswa kusema, nikampa pole, nikauliza kama kuna lolote la haraka. Halafu nikakata simu na, wasomaji wangu, naona haya kuliandika hili, lakini nisipoliandika hakuna maana ya kuendelea: kitu cha kwanza nilichokihisi hakikuwa huzuni. Nilipumua. Kwa miaka mingi mtu huyu alikuwa na ombi moja kwangu, na kila tulipokutana, iwe msikitini, sokoni au kwenye harusi ya watu, nilijua atanitazama kwa yale macho yake ya upole, na ombi lile litakuwa mbele yetu hata asipolitaja. Sasa hakuna tena wa kuniuliza, nikajiambia. Ndivyo roho ya binadamu ilivyo, msinishangae sana. Huzuni ilikuja baadaye, nilipokuwa natafuta kanzu.

Tulimzika na jua kali, watu wachache, wengi wao majirani na wazee wenzangu kutoka Chemchem ambao siku hizi tunakutana makaburini kuliko penginepo. Hakuna kiongozi aliyefika wala taji la maua kutoka ofisi yoyote, na sidhani kama kuna kijana hata mmoja katika halmashauri zetu za leo anayejua kwamba mtu huyu aliwahi kuwapo. Ombi lake lilikuwa hivi. Alitaka niende katika kijiji fulani cha mkoa wetu, nisimame mbele ya watu, niseme kwamba mama mmoja wa kijiji hicho alifika ofisini kwangu na akanifikishia ujumbe aliotumwa. Basi, hakutaka zaidi ya hapo. Maneno ambayo mtu anaweza kuyasema kwa pumzi moja. Sikwenda, na leo nataka kuwaeleza kwa nini lilikuwa ombi zito, na kwa nini nimeona safu hii haiwezi kuzungumzia jambo jingine mpaka niwe nimelisema hili.

Marehemu alikuwa karani. Alizaliwa mjini hapa, mtoto wa fundi cherehani, na uhuru ulimkuta kijana mwenye mwandiko mzuri, jambo ambalo siku zile lilikuwa mali. Watemi walipoondolewa na mabaraza ya wilaya yakashika kazi, aliajiriwa kufuatana na madiwani vijijini na kuandika mihtasari ya mikutano. Alikwenda kwa baiskeli, kalamu na daftari ndani ya mfuko wa turubai. Alipenda kunisimulia kosa lake la kwanza, tena akicheka. Walikwenda kijiji kimoja kupendekeza ujenzi wa zahanati. Watu wakasikiliza, wakapiga makofi, akaandika kwamba wamekubali, akarudi mjini jioni ile ile. Wiki chache baadaye mafundi wakafika, na hakuna mtu hata mmoja aliyetokea kufyatua matofali. Akatumwa kuuliza kulikoni. Akamkuta mzee mmoja ambaye zamani alikuwa mwanangwa, yaani msaidizi wa mtemi pale kijijini.

"Karani, siku ile ulilala wapi?" yule mzee alimuuliza.

"Nilirudi mjini, baba."

"Aa! Basi jibu letu hukulisikia. Sisi mgeni hatumjibu siku anayofika. Tunampa maji, tunampa chakula, tunampigia makofi kwa kuwa amekuja kwetu. Jibu linalala. Asubuhi akiamka tunampa."

Na jibu lilikuwa kwamba zahanati wanaitaka sana, ila si pale, maana pale maji ya masika hupita. Basi. Kumkatalia mgeni usoni ni kumtukana, na kumkubalia kabla hujauliza walioko nyumbani, wanawake, wazee wasioweza kutembea, wanaume walioko porini kwenye mizinga ya nyuki, ni utoto. Tangu siku hiyo marehemu alilala kijijini. Alilala kwenye maghala ya tumbaku, kwenye madarasa, kwenye ngozi sakafuni kwa watu. Daftari lake aliligawa mwenyewe, bila kuelekezwa na mtu: ukurasa wa kushoto aliandika yaliyosemwa mchana, wa kulia akauacha mtupu mpaka asubuhi. Niliwahi kuyaona madaftari hayo. Mara nyingi kurasa zile mbili hazifanani kabisa, utadhani ni vijiji viwili mbalimbali.

Msidhani nasifu enzi za watemi. Wapo watemi waliochapa watu, waliokula ng'ombe za watu na kuwapa ardhi ndugu zao, na marehemu hakuwa na simulizi tamu juu yao. Wala mabaraza yale ya wilaya hayakuwa ya malaika; madiwani walikuwamo wasiojua kusoma taarifa iliyo mbele yao, na wengine waliojua kusoma lakini hawakutaka. Lakini yalikuwa na jambo moja. Diwani alikuwa mtu wa pale pale. Asingelisikiliza jibu la asubuhi angelikutana nalo kisimani, kilioni, na siku ya kura.

Halafu ukaja mwaka wa sabini na mbili. Mabaraza yakavunjwa, mpango mpya ukaitwa Madaraka Mikoani, na sisi vijana tuliotoka vyuoni tuliushangilia kuliko mtu yeyote. Mimi nilikuwa msaidizi katika ofisi ya mipango ya wilaya moja ambayo sitaitaja. Nilikuwa na miwani mipya, suruali pana chini, na maneno mengi. Tuliambiwa madaraka yametoka Dar es Salaam yamekuja kwa wananchi, na kwa kweli yalitoka Dar es Salaam. Yalipanda treni, yakashuka stesheni, yakaingia bomani, yakakaa. Wakubwa walioletwa walikuwa wasomi, wachapakazi, wengine waadilifu hasa, lakini hakuna mwananchi aliyewachagua, na hakuna ambaye angeweza kuwaondoa. Marehemu akahamishiwa chini yetu. Daftari lake la kurasa mbili likawa halina kazi, kwa sababu sasa kulikuwa na fomu. Karatasi moja, upande mmoja: jina la kijiji, idadi ya waliohudhuria, azimio. Nani angekumbuka kuweka nafasi ya kesho yake? Mimi mwenyewe nilisaidia kuzichapa.

Operesheni ya vijiji ilipoanza, mkubwa wetu alipewa muda mfupi wa kuhamisha watu wengi, naye alikuwa na Land Rover moja na ramani. Kando ya njia ya zamani ya misafara palikuwa na uwanda mzuri sana, ardhi nyekundu yenye rutuba, kijito hakiko mbali, miti michanga rahisi kukata. Kwenye ramani palipendeza. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza inakuwaje mahali pazuri namna ile, kando ya njia waliyoipita watu vizazi na vizazi, hapana hata nyumba moja. Mkubwa na marehemu wakaenda kwenye vitongoji vilivyotakiwa kuhamia pale, watu wakakusanywa, mkubwa akahutubia saa nzima. Watu wakasikiliza, wakapiga makofi. Marehemu alinisimulia yaliyofuata zaidi ya mara moja, na kila mara bila kujitetea.

"Umeshaandika?" mkubwa alimuuliza, mguu mmoja ndani ya gari.

"Bado, mheshimiwa. Hapa jibu tutalipata kesho asubuhi. Ndiyo desturi yao."

"Kesho niko vijiji vingine viwili. Kwani wamekataa?"

"Hawajakataa."

"Kuna aliyenyoosha mkono kupinga?"

"Hakuna."

"Basi wamekubali. Andika, twende."

Akaandika, "Wananchi wamekubali kwa kauli moja." Aliniambia mkono wake ulikuwa mwepesi kabisa wakati anaandika. Alikuwa amechoka, alikuwa na njaa, mke wake alikuwa na mimba pevu nyumbani, na nafasi katika gari ilikuwa moja tu. Akapanda. Watu wakabaki wamesimama wanaliangalia gari, na wanawake walikuwa wameshaanza kupika chakula cha wageni.

Asubuhi yake jibu likawapo na wa kupewa hayupo. Wakaamua kulipeleka bomani. Wanaume waliogopa, maana siku zile mtu kuitwa mpinga maendeleo halikuwa jambo dogo. Mgambo walikuwapo na mahabusu ilikuwapo. Wakafikiri mwanamke hatafungwa. Wakamchagua mama mmoja wa makamo, jasiri, ambaye alizaliwa pale pale penye ule uwanda mzuri. Wakampa na asali kwenye ndoo, kwa sababu kwa mkubwa hawaendi na jibu mikono mitupu. Akatembea siku moja na nusu. Akafika mlangoni kwangu na vumbi hadi magotini.

"Mwangaluka, mwanangu," akasema kwa Kinyamwezi, halafu akageukia Kiswahili.

"Shikamoo mama. Karibu."

"Nimetumwa na watu wa kwetu. Nimeleta jibu. Karani hakulala."

Sikuelewa. Nikamuuliza jibu la nini. Akaniambia, taratibu, kama mtu aliyelikariri njiani: "Pale mnapotupeleka pana ndorobo. Mimi nilikuwa mtoto wa kubebwa Mzungu alipotuondoa pale. Watu walikuwa wanasinzia mchana, chungu kinaungua motoni, hawaamki. Baba yangu amelala pale na wadogo zake wawili. Mkituweka pale wataanza ng'ombe, halafu sisi. Watu wa kwetu wanasema, tuhamisheni mahali pengine popote, tutakwenda. Si pale."

Ndorobo ndio mbung'o, na ugonjwa aliokuwa anausema ndio malale. Niliujua kwa jina, kutoka vitabuni. Nikafungua jalada mbele yake, nikaweka kidole kwenye mstari. "Mama, muhtasari huu hapa. Unasema mmekubali wote."

"Nani alikubali?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Mwanangu, mimi sikukuuliza ilivyoandikwa."

Mkubwa alikuwa safarini. Mwezi uliotangulia mwenzetu mmoja aliyesema kijiji fulani hakina maji alihamishwa kwa kile kilichoitwa kukatisha watu tamaa, akatupwa mbali na mke wake. Nikapiga hesabu yangu haraka haraka, kama mnavyopiga ninyi mkiwa makazini, msijifanye hamjui. Nikamwambia, "Sawa mama, nimekusikia. Nitafikisha." Sikuandika jina lake popote. Akanishukuru, akainuka, akaniachia ile asali ya mkubwa. Niliiweka nyuma ya mlango. Mkubwa aliporudi alikuwa amekasirishwa na jambo jingine, nikasema nitamwambia kesho, na kesho yake vilevile. Baada ya siku kadhaa tuliimimina ile asali kwenye sahani pale ofisini, tukaila na mkate. Ilikuwa asali nzuri ajabu.

Watu wakahamishwa. Waliochelewa waliezuliwa mapaa ya nyumba zao. Ng'ombe wakaanza kufa kabla ya masika kwisha, tukaandika kwamba wananchi hawajazoea ufugaji wa kisasa. Halafu wakaanza watu. Lo! Hapa ndipo huwa naamka kitandani nikakaa. Katika vijiji vile kulikuwa na sheria ndogo, kila mtu mzima na eka zake za kulima, na kulala mchana saa za kazi lilikuwa kosa. Kijana mmoja alikutwa amejilaza kwenye matuta ya tumbaku, jembe liko pembeni. Akaamshwa kwa fimbo, akapelekwa kwenye kamati kwa uvivu. Juma lililofuata akakutwa tena, akaadhibiwa tena. Wakasema amelewa. Wakasema ni mgomo. Mama yake alipiga magoti mbele ya kamati akasema mwanangu anaumwa kichwa tangu mwezi uliopita, na kamati ikamwambia kila mvivu ana kichwa kinachouma. Alikufa akiwa bado na adhabu ya kuchimba vyoo. Mpaka mganga wa wilaya alipokuja na darubini yake, walikuwa wameadhibiwa kadhaa, na wengine walikuwa wameshazikwa.

Wakaja wachunguzi kutoka juu. Swali lao lilikuwa moja: nani alichagua mahali hapa? Jalada likaletwa, na mimi ndiye niliyelibeba. Mkubwa akasoma kwa sauti, "kwa kauli moja," akalifunga. "Wananchi walichagua wenyewe," akasema. "Ndiyo maana ya madaraka." Wachunguzi wakaitikia kwa vichwa. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka mezani, na mdomo wangu ulikuwa na meno yote na ulimi wake. Marehemu alikuwapo pia. Yeye alisema. Alisema, "Waheshimiwa, niliandika mimi, na sikulisubiri jibu." Wakamuuliza kama ana ushahidi kwamba jibu lilikuwapo. Hakuwa nao. Akashushwa cheo, akapelekwa kutunza stoo ya majembe, na huko ndiko alikokaa mpaka halmashauri zilipofufuliwa katikati ya miaka ya themanini.

Lakini jambo lililomkondesha si stoo ile. Ni yule mama. Kijiji kilikuwa kinahitaji mtu wa kulaumu, na serikali ilikuwa mbali na ya kuogopwa. Wakaanza kusema, tulimtuma huyu, tukampa na asali. Angefika, serikali isingetuacha tufe. Basi hakufika. Aliiuza asali njiani akarudi na uongo wake. Yeye akaapa kwamba alifika, alimkuta kijana mwenye miwani, kijana akasema atafikisha. Wakamcheka. Tafakarini hilo: walikuwa na imani na serikali kuliko jirani yao waliyemchagua wenyewe. Akasusiwa. Hakualikwa ngomani wala harusini, wanawake walimwacha achote maji peke yake, na mama wa yule kijana wa matuta hakumwamkia tena hadi walipokufa wote wawili. Marehemu alipozisikia habari hizo alikuja moja kwa moja kwangu. Bomani tulikuwa na kijana mmoja tu mwenye miwani.

"Ni wewe?" akaniuliza.

"Ni mimi."

"Basi twende ukawaambie. Yangu nimeshakwenda kuyasema mwenyewe, wamenitemea mate, wana haki. Lakini la yule mama siwezi kulisema, mimi sikuwapo. Ulikuwapo wewe."

Nikamwambia si sasa, bwana, unajua hali ilivyo. Akasubiri. Mkubwa akahamishwa, nikamwambia ngoja nithibitishwe kazini. Nikathibitishwa, nikapanda cheo, nikapata mke na nyumba, nikamwambia mambo ya zamani ukiyafukua yananuka. Yule mama akafa. Nikasema, sasa itamsaidia nini? Marehemu akajibu, "Ana watoto, mdogo wangu. Nao wanaitwa watoto wa mla asali." Nilipostaafu na kuanza kuandika safu hii, akawa msomaji wangu wa kila wiki. Siku moja alinikuta Kwihara kwenye msiba wa rafiki yetu, akanipongeza kwa makala niliyoandika juu ya uwajibikaji wa viongozi. Alinipongeza kwa dhati, hakuwa mtu wa kejeli, na ndiyo sababu niliondoka pale kabla ya chakula.

Miaka michache iliyopita tulialikwa pamoja kwenye semina hapa mjini, sisi tukiwa wazee wa kumbukumbu, kama walivyotuita. Mada ilikuwa kulinganisha serikali za mitaa katika nchi zinazoendelea. Mtaalamu mmoja, mtu msafi na mwenye adabu, alituonyesha ukutani majedwali: nchi ya Asia ambako mkutano wa kijiji una nguvu ya kisheria, nchi ya Amerika ya Kusini ambako wananchi wenyewe hujadili bajeti ya mji, majirani zetu waliogawa madaraka, wakayarudisha juu, wakayagawa tena. Na nchi yetu ilikuwamo, ikiwa na safu ya mfumo wa zamani na safu ya mfumo wa sasa. Ilikuwa kazi nzuri, sisemi kwa dharau. Tungekuwa na kazi kama hiyo wakati ule labda tungeona aibu mapema. Marehemu alinyoosha mkono. Akasimama, ikamchukua muda kusimama. "Mwanangu," akasema, "katika nchi hizo zote, mtu wa kijijini akisema hapana, inaandikwa wapi?" Mtaalamu akasema ni swali zuri sana na kwamba litajadiliwa kwenye vikundi baada ya chai. Baada ya chai tukapiga picha. Marehemu alikuwa ameketi karibu yangu, akaniinamia akanong'ona, "Huyu hana kosa. Yeye hajui. Sisi tunajua." Na mimi, mtu mzima, nikajifanya nasoma ratiba.

Swali lake nimelizungusha kichwani tangu Jumatatu. Tunabishana kama madaraka yakae wizarani, mkoani, wilayani au mtaani, na ni ubishi wa maana, kwa kuwa mtu aliyechaguliwa na majirani ana sababu ya kuwaogopa majirani. Lakini nimeyaona yakikaa kote huko kwa zamu, na kila mahali nimemwona mtu kama mimi kwenye kiti cha katikati, kijana mwenye elimu, si mwovu, ambaye jibu la watu limemfikia mkononi akaliweka nyuma ya mlango. Mkubwa wetu hakuwahi kulisikia jibu lile. Aliingia kaburini akiamini kwamba watu walikubali. Sheria inaweza kumlazimisha mkubwa asikilize. Sijaona bado inayoweza kunilazimisha mimi nifungue mdomo.

Jumatano nilikodi gari, nikaenda. Kijiji kilihamishwa tena zamani, kiko mbali na uwanda ule, kina shule na mnara wa simu. Niliulizia, nikaelekezwa nyumba ya binti wa yule mama. Ni bibi sasa, pengine tumelingana umri. Alikuwa anaanika mahindi kwenye mkeka. Nikajitambulisha, nikakataa kiti, nikamwambia nikiwa nimesimama: "Mimi ndiye yule kijana mwenye miwani. Mama yako alifika. Alisema kila kitu kama alivyotumwa. Asali aliitoa yote. Niliila mimi."

Hakushtuka. Aliendelea kusawazisha mahindi kwa kiganja mpaka pembe ya mkeka.

"Sisi tulijua," akasema. "Alituambia tangu siku aliyorudi, na mama yangu hakuwa mwongo. Hukuwa na haja ya kuja kutuambia sisi."

"Basi niitie watu, dada yangu. Nitawaambia wote."

"Watu gani?" Akanyanyua uso. "Waliomtuma wamekwisha. Waliomsusia wamekwisha. Huyu wa mwisho tulimzika mwaka juzi, na mpaka anakata roho alikuwa anatuita hivyo hivyo, watoto wa mla asali. Hawa unaowaona ukiwaambia watakuuliza, mama yupi?"

Akanikaribisha maji, nikanywa, nikaaga. Marehemu hakuniomba haya kwa ajili ya historia wala kwa ajili ya majedwali. Aliniomba nikaseme wakati wapo watu ambao wangegeuka, wakamwangalia yule mama, wakamwambia tusamehe. Muda wa kufanya hivyo ulikuwapo, miaka na miaka, na nilikuwa nao mimi peke yangu. Ninyi mlioko maofisini leo, ambao kuna mtu amekuja akawaambia hapana nanyi mkamjibu "nitafikisha", inukeni mkafikishe wakati anayehusika bado anasikia. Mimi nimeandika jina la yule mama kwenye karatasi, nimelitazama, na sina mtu wa kumpelekea.